Sala ya Mwalimu Sontonga: Tuni Moja, Lugha Nyingi, Mataifa Matano

Nchi tano za Afrika zimewahi kuwasimamisha wananchi wao kwa tuni moja: Tanzania, Zambia, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini. Mbili kati ya hizo zilikwisha kuiacha. Tatu bado zinaiimba, kila moja kwa maneno yake. Aliyeitunga hakuwa mwanasiasa wala mwanamuziki wa kulipwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, akafa kijana, miaka saba kabla wimbo wake haujaimbwa kwenye mkutano mkubwa wa siasa.

Historia ya Nkosi Sikelel' iAfrika ni historia ya sala iliyovalishwa maneno mapya kila ilipoingia katika lugha nyingine. Ukiyafuata mabadiliko hayo hatua kwa hatua, unaona wazi kila taifa lilihitaji nini lilipouchukua wimbo huu, na lilitaka kuepuka nini.

1897–1905: Mwalimu wa kwaya na daftari lake

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa Uitenhage, mashariki mwa koloni la Cape, yapata 1873. Alikuwa Mxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, chuo cha wamisionari ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kitovu cha elimu ya Waafrika kusini mwa bara hili, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Huko alikuwa mwalimu, kiongozi wa kwaya, mhubiri na mpiga picha.

Johannesburg ya wakati huo ilikuwa na umri wa miaka kumi tu. Dhahabu iligunduliwa 1886, na migodi ilihitaji mikono. Mwaka 1896 na 1897 sotoka ilifyeka ng'ombe kusini mwa Afrika, na maelfu ya familia zilizoishi kwa mifugo zikapoteza mahari, maziwa na heshima kwa mkupuo mmoja. Vijana wao wakaishia migodini. Wale waliokuwa wakitoka vijijini kuingia mjini, wengine wakiwa wazazi wa wanafunzi wake, ndio Sontonga aliokuwa akiwaona kila siku. Nyimbo zake nyingi, wanasema waliozijua, zilikuwa na huzuni.

Mwaka 1897, akiwa na miaka ishirini na kitu, alitunga ubeti mmoja na kiitikio kwa Kixhosa kwa ajili ya wanafunzi wake. Ubeti ulimwomba Mungu aibariki Afrika na kuzisikia sala za watu wake. Kiitikio kilimwita Roho Mtakatifu ashuke. Ilikuwa sala ya Kikristo moja kwa moja. Wapo walioisikia tuni hiyo wakaifananisha na Aberystwyth, tuni ya kanisani iliyotungwa na Mwelisi Joseph Parry. Wengine wanakana mfanano huo. Lililo wazi ni kwamba Sontonga aliandika kwa namna aliyofundishwa na wamisionari: sauti nne, mistari mifupi inayojirudia, na nota za solfa.

Solfa hiyo ndiyo iliyoupa wimbo miguu. Mwanakwaya yeyote wa Afrika Mashariki anaijua: herufi chache zinazoandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya kawaida, bila mistari ya muziki wala piano. Mwalimu aliyesikia wimbo Jumapili aliweza kuunakili Jumatatu na kuufundisha Jumanne katika kijiji kingine. Nyimbo za Sontonga alizoziandika kwenye daftari zilisambaa kwa njia hiyo, kwa wanakwaya waliokuja kwake kuziazima.

Mwaka 1899 wimbo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji Boweni, Mtsonga wa Kanisa la Kimethodisti. Kwa hiyo tangu siku yake ya kwanza mbele ya watu, wimbo huu wa Kixhosa ulikuwa ukiimbwa kwa heshima ya mtu wa kabila na lugha nyingine. Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili 1905. Daftari lake lilipotea baadaye, lakini wimbo ulikuwa umekwisha kutoka humo.

1912–1929: Kutoka kanisani hadi mkutanoni

Waliouchukua wimbo na kuupeleka mbele walikuwa Wazulu. John Dube alikuwa ameanzisha shule ya Ohlange, Natal, na kwaya ya shule hiyo chini ya mtunzi Reuben Caluza ilizunguka ikitumbuiza hadi Johannesburg. Nkosi Sikelel' iAfrika ulikuwa miongoni mwa nyimbo zake. Tarehe 8 Januari 1912 wajumbe wa Kiafrika kutoka pande zote za Muungano mpya wa Afrika Kusini walikutana Bloemfontein na kuunda chama kilichokuja kuitwa African National Congress (ANC). Dube alichaguliwa rais wake wa kwanza ingawa hakuwapo ukumbini. Baada ya sala ya kufunga, wajumbe waliimba wimbo wa Sontonga.

Mwaka uliofuata serikali ilipitisha sheria ya ardhi iliyowabakishia Waafrika takriban asilimia 7 ya nchi yao. Tangu hapo sala ya kuombea baraka ilianza kubeba uzito wa malalamiko. Sol Plaatje, katibu mkuu wa kwanza wa chama hicho, alisafiri hadi Uingereza kuipinga sheria hiyo. Hakufanikiwa, lakini tarehe 16 Oktoba 1923, akiwa London, aliuimba wimbo huo kwenye santuri huku Sylvia Colenso akimpigia piano. Hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya wimbo huo. Plaatje alikuwa Mtswana, akaimba kwa Kixhosa wimbo uliokuzwa na kwaya ya Wazulu. Miaka miwili baadaye, 1925, chama kiliufanya rasmi kuwa wimbo wake wa kufungia mikutano.

Ubeti mmoja haukuwatosha tena watu waliokuwa na mengi ya kuomba. Mwaka 1927 mshairi mkubwa wa Kixhosa, S. E. K. Mqhayi, aliongeza beti saba. Humo aliwaombea machifu na viongozi wa umma, vijana, wake, wachungaji, kilimo na mifugo, elimu na umoja. Alichokifanya Mqhayi ni kuigeuza sala ya wanafunzi kuwa orodha ya mahitaji ya taifa ambalo halikuwa na serikali yake. Karibu kila tafsiri iliyofuata ilichota humo, hasa pale kwenye viongozi na umoja.

1942–1958: Kisotho, na njia ya kaskazini

Mwaka 1942 Moses Mphahlele alichapisha maneno ya Kisotho. Haya hayakufuata Kixhosa neno kwa neno. Yalimwomba Bwana alilinde taifa na kukomesha vita na mateso. Ulimwengu ulikuwa vitani, na wanaume wa Kisotho walikuwa jeshini upande wa Waingereza. Sala yao ilizungumzia yaliyowakabili. Kwa muda mrefu baadaye watu waliimba Kixhosa, Kizulu na Kisotho kwa mfululizo katika mkutano mmoja, mpaka wengi wakasahau kwamba vipande hivyo vina watunzi tofauti.

Wimbo ulisafiri kwenda kaskazini kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wafanyakazi wa migodi kutoka Nyasaland, Rhodesia na kwingineko, waliorudi makwao na nyimbo walizozisikia kambini na kanisani. Ya pili ilikuwa ya wasomi na wanasiasa. Vyama vya Nyasaland (Malawi ya leo), Rhodesia Kaskazini (Zambia) na Rhodesia Kusini (Zimbabwe) vilijiita "Congress" kwa mfano wa kile cha Afrika Kusini, na pamoja na jina vilichukua wimbo. Katika miaka ya 1950, mtu aliyepita kwenye mikutano ya vyama hivyo angeweza kuusikia kwa Kibemba, Kishona au Kindebele. Ulikuwa umekuwa wimbo wa watu wasio na dola, na huo ndio uliokuwa mvuto wake: Afrika ndiyo iliyotajwa humo, na aliyeuimba hakulazimika kutaja mpaka wowote uliochorwa na mkoloni.

1961: Kiswahili

Tanganyika ndiyo iliyoufanya wimbo huu kuwa wa dola huru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliposhushwa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, taifa jipya lilikuwa na wimbo wake: Mungu Ibariki Afrika.

Uamuzi huo haukuwa wa kawaida. Mataifa mengi yaliyopata uhuru yalitafuta wimbo wa kwao peke yao. Kenya, miaka miwili baadaye, iliunda kamati ya wanamuziki, na kamati hiyo ikachukua tuni ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa Mto Tana. TANU, chama kilichoiongoza Tanganyika kwenye uhuru, kwa upande wake ilichukua tuni iliyokuwa tayari midomoni mwa wapigania uhuru wa kusini, na ikaiweka Afrika kwenye ubeti wa kwanza na Tanganyika kwenye wa pili. Mpangilio huo uliendana na msimamo wa Mwalimu Nyerere, aliyekuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika endapo kufanya hivyo kungewezesha Afrika Mashariki kuungana.

Maneno ya Kiswahili yanastahili kusomwa polepole. Sala ya kuombea viongozi imebaki, sawa na kwa Mqhayi. Hekima, umoja na amani vimeingia kama ngao za watu. Wake kwa waume na watoto wametajwa. Lakini kiitikio cha kumwita Roho Mtakatifu hakimo. Mungu anatajwa bila alama ya dini moja. Kwa nchi yenye Waislamu na Wakristo wengi, na ambayo chama chake cha ukombozi kilijengwa na masheikh na wazee wa mjini sambamba na walimu wa misheni, sala hiyo iliweza kuimbwa na kila mtu bila kuguna. Wimbo uliozaliwa kanisani ulikuwa umetoka kanisani, na bado ni sala.

Mwaka 1964 Tanganyika ilipoungana na Zanzibar, jina Tanzania lilichukua nafasi ya Tanganyika kwenye ubeti wa pili. Mengine yote yalibaki.

1964: Zambia yaibakiza tuni, yaacha maneno

Tarehe 24 Oktoba 1964 Zambia ilipata uhuru kwa tuni ileile lakini kwa njia nyingine kabisa. Yaliandaliwa mashindano ya kutunga maneno. Hakuna mshindi mmoja aliyetosha, hivyo michango bora iliunganishwa kuwa wimbo mmoja wa Kiingereza, Stand and Sing of Zambia, Proud and Free, ambao una pia maneno ya Kibemba, Lumbanyeni Zambia. Humo taifa linajisifu badala ya kuomba. Linataja kazi, ushindi na undugu, na Mungu anatajwa kwa kusifiwa mwishoni.

Kwa hiyo ndani ya miaka mitatu majirani wawili, waliokuwa washirika wakubwa katika ukombozi, walikuwa na wimbo mmoja uliosema mambo mawili. Tanzania iliombea Afrika kwanza kisha yenyewe. Zambia iliisifu Zambia. Wageni waliohudhuria sherehe Lusaka wakitokea Dar es Salaam walisimama kwa tuni waliyoijua na kusikia maneno ambayo hawakuyatarajia.

1960–1990: Wimbo uhamishoni

Wakati huohuo, nyumbani ulikozaliwa, wimbo ulikuwa wa wasiotakiwa. ANC ilipigwa marufuku 1960 baada ya mauaji ya waandamanaji huko Sharpeville. Wimbo wa taifa wa Afrika Kusini tangu 1957 ulikuwa Die Stem, wa Kiafrikana, maneno yake yakiwa ya C. J. Langenhoven ya 1918. Nkosi Sikelel' iAfrika ukabaki wa mazishi, wa mahakamani na wa magerezani. Serikali ya makaburu haikuweza kuumaliza, na katika kinaya kikubwa wimbo huohuo ukatumika Transkei, mojawapo ya "nchi" bandia zilizobuniwa na ubaguzi wa rangi.

Wapigania uhuru waliokimbia walifika Tanzania na kukuta tuni yao ikipigwa na bendi ya jeshi la nchi huru. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kongwa, Dodoma, kulikuwa na kambi ya wapiganaji. Morogoro ndiko ANC ilikofanyia mkutano wake mkubwa wa 1969. Baadaye, Mazimbu, kwenye lililokuwa shamba la mkonge, kilijengwa chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Watoto wa wakimbizi walisoma huko na kuuimba wimbo wa Sontonga kwa lugha za kwao, na majirani zao wa Morogoro waliuimba kwa Kiswahili. Katika hafla za pamoja, lugha zote zilifuata tuni moja bila haja ya mazoezi.

Hapo ndipo tafsiri zilipoonyesha faida yake ya kisiasa. Mtanzania wa kawaida, aliyeombwa na serikali yake kuvumilia gharama za ukombozi wa kusini, hakuhitaji kuelezwa sana kwamba wale walikuwa ndugu. Walikuwa na wimbo mmoja.

1980–1994: Zimbabwe na Namibia

Rhodesia ya Ian Smith nayo ilikuwa imeazima tuni: wimbo wake wa taifa kuanzia 1974 ulitumia muziki wa Beethoven. Tarehe 18 Aprili 1980 Zimbabwe huru iliweka mahali pake Ishe Komborera Africa, sala ya Sontonga kwa Kishona, yenye maneno ya Kindebele pia. Kwa waliotoka vitani ulikuwa wimbo wa kambini. Lakini kadiri miaka ilivyosonga, serikali ilitaka kitu cha Wazimbabwe peke yao. Mashindano yakaitishwa, na mwaka 1994 ukachukuliwa Simudzai Mureza wedu weZimbabwe, maneno ya mwandishi Solomon Mutswairo na muziki wa Fred Changundega.

Namibia ilipita njia hiyohiyo kwa haraka zaidi. Ilipopata uhuru tarehe 21 Machi 1990 iliutumia wimbo wa Sontonga kwa muda, na mwaka uliofuata ikapokea wimbo wake mpya uliotungwa na Axali Doeseb. Katika miezi ile michache, mataifa manne huru yalisimama kwa tuni moja, na Afrika Kusini, nyumbani kwake, bado haikuwamo.

1994–1997: Kurudi nyumbani

Nelson Mandela, kiongozi wa ANC, alitoka gerezani Februari 1990. Miaka minne ya mazungumzo ilizaa uchaguzi, na swali la wimbo lilikuwa gumu kama swali la bendera. Wengi ndani ya ANC hawakutaka hata kuisikia Die Stem. Mandela alisisitiza zibaki zote mbili, na Aprili 1994 zikatangazwa kuwa nyimbo rasmi sambamba. Mwaka 1995, katika Kombe la Dunia la raga, wachezaji wa Springboks, timu ya taifa, karibu wote Wazungu, walifundishwa maneno ya Nkosi Sikelel' iAfrika na kuyaimba mbele ya umati uliozoea kuyaogopa.

Kuimba nyimbo mbili nzima kulichosha kila sherehe. Kamati ilifanya kazi ya kuziunganisha, mwanamuziki Jeanne Zaidel-Rudolph akiwa miongoni mwa waliozipanga, na Oktoba 1997 wimbo mmoja ulitangazwa. Unaanza kwa Kixhosa, unaendelea kwa Kizulu, unapita kwenye maneno ya Kisotho ya Mphahlele, kisha ufunguo wa muziki unabadilika na Die Stem inaingia kwa Kiafrikana, na mwisho wake ni maneno mapya ya Kiingereza. Lugha tano katika wimbo mmoja, unaoishia kwenye ufunguo tofauti na ule ulioanzia.

Katika wimbo huo mpya kiitikio cha Roho Mtakatifu kiliachwa. Afrika Kusini ya 1997, yenye dini na madhehebu mengi, ilifika ilipofika Tanganyika miaka 36 kabla. Mabishano hayakuisha hapo. Hadi leo chama cha EFF kinataka sehemu ya Die Stem iondolewe, kikisema wahanga hawapaswi kuimba wimbo wa waliowatesa.

Kilichobaki

Kaburi la Sontonga lilitafutwa kwa muda mrefu katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg. Lilikuwa gumu kupatikana kwa sababu daftari la makaburi lilimwandika kwa jina lake la kwanza tu, Enoch. Tarehe 24 Septemba 1996, siku ya urithi wa taifa, Mandela alizindua mnara wa kumbukumbu mahali hapo. Mbali na Afrika, tuni yake imo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kilutheri la Finland cha 1986, ikiwa na maneno ya Kifini, na huko imerudi kuwa wimbo wa ibada kama ilivyoanza.

Kuna funzo katika orodha ya waliouacha na waliobaki nao. Zimbabwe na Namibia ziliutaka wimbo zilipokuwa zikipigania uhuru, na zilipopata dola zikahitaji alama ya kuzitofautisha na jirani. Hilo halina kosa, kwani ndiyo kazi ya kawaida ya wimbo wa taifa. Zambia ilipata utofauti kwa kubadili maneno yote. Afrika Kusini ilihitaji wimbo wa kuwaweka pamoja watu waliopigana, ikauongezea lugha. Tanzania iliridhika kuwa na wimbo ambao sehemu yake ya kwanza si ya Tanzania bali ya Afrika. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote, kwa sababu unamfanya mtoto wa shule aiombee Afrika kila asubuhi kabla ya kuiombea nchi yake.

Lakini waulize wanafunzi wa shule yoyote ya msingi Tanzania ni nani aliyetunga tuni wanayoiimba mstarini, na wachache sana watakujibu. Walimu wa muziki na wa historia wanaweza kulirekebisha hili bila kusubiri mtaala mpya. Mtunzi alikuwa mwalimu kama wao, na aliutunga kwa ajili ya watoto wa darasa lake. Anayefundisha Mungu Ibariki Afrika na alitaje jina lake: Enoch Mankayi Sontonga.